Mabua Yaliyochomwa kwa Sababu ya Wageni

Kila asubuhi, kabla sijawasha moto wa chai, ninaenda kuangalia kipima mvua. Ni chupa nyembamba yenye mistari. Imefungwa kwenye nguzo karibu na shamba. Ninaangalia maji yamefika mstari gani. Ninaandika kwenye daftari. Kisha ninamwaga maji.

Hata siku isiyo na mvua ninaenda. Siku hiyo ninaandika sifuri.

"Nyar Kuria," mama mkwe wangu huniuliza kutoka mlangoni, "leo chupa imesema nini?"

"Imesema sifuri, Mama."

"Na jana?"

"Sifuri."

"Yawa! Hii chupa yako haina habari mpya."

Yeye ni Mama Priscah. Mimi ni Nyakerario. Nilizaliwa Migori, upande wa Kehancha, kwa Wakuria. Nimeolewa hapa karibu na Magunga, kwa Wajaluo. Ndiyo maana ananiita nyar Kuria, yaani binti wa Kuria. Nilipofika hapa sikujua Dholuo hata cha kuombea chumvi. Mama naye hakujua Kikuria. Basi tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na cha kwake. Mpaka leo tunaongea hivyo, na Dholuo kidogo kikipenya katikati.

Mume wangu, Cliff, anatengeneza injini za maboti Mbita. Anakuja nyumbani Jumamosi, anarudi Jumapili. Siku nyingi tuko wawili tu, mimi na Mama.

Shamba letu liko kando ya barabara. Mama anasema zamani lilitoa magunia kumi na mawili ya mahindi. Mimi nilipoolewa lilikuwa limeshuka mpaka manne. Udongo ulikuwa mgumu. Mvua ikinyesha, maji yalikimbia juu juu mpaka mtaroni. Na kayongo ilikuwa imejaa. Kayongo ni lile gugu lenye maua ya zambarau. Linashika mizizi ya mahindi na kuinyonya. Ukiliona limechanua, ujue limekwisha kushiba.

Karibu miaka mitatu iliyopita, Joyline alikuja. Joyline ni msichana wa Oyugis. Anafanya kazi na mradi wa utafiti wa udongo. Alikuja na pikipiki na buti za mpira. Alicheka na Mama kwa Dholuo, kisha akanirudia mimi kwa Kiswahili ili nisiachwe nje.

"Mama, kabla ya kupanda, mnafanyia nini mabua ya mahindi?" Joyline aliuliza.

"Tunachoma."

"Kwa nini?"

"Shamba liwe safi. Panya watoke. Nyoka watoke. Jembe lipite." Mama alimwangalia. "Wewe kwenu Oyugis hamchomi?"

"Tunachoma pia, Mama. Hata mama yangu alichoma." Joyline aliokota bua moja. "Hili bua limetengenezwa na nini?"

"Na udongo. Na mvua."

"Na hewa," Joyline alisema. "Sehemu kubwa ni hewa. Ndani ya hewa kuna kitu tunaita hewa ya kaboni. Hatuioni. Majani ya mahindi yanaivuta. Jua linayapa nguvu, nayo yanaijenga iwe bua, iwe jani, iwe punje. Sasa ukichoma, kile kilichojengwa miezi minne kinarudi juu kwa dakika moja."

"Na nisipochoma?"

"Bua likilala chini, mchwa na minyoo wanalila. Linaoza. Sehemu inarudi hewani, lakini polepole. Sehemu nyingine inabaki kwenye udongo. Inakuwa nyeusi na laini. Hiyo tunaita mboji. Mboji inashika maji, na inashika chakula cha mimea."

Mama alifikiri. "Mchwa wakimaliza mabua watakuja kula mahindi."

"Hilo ndilo tunataka kujua. Mimi sikuja kukuambia uniamini. Nimekuja kuomba tupime pamoja."

Basi tuligawa shamba sehemu mbili kwa kamba ya katani. Upande mmoja tuliuita upande wa moto. Huo tuliendelea kuuchoma kama zamani. Upande wa pili tuliuita upande wa mabua. Ng'ombe walikula majani ya juu, na mabua tukayalaza kwa mistari, kukata mteremko. Mbegu zilikuwa zile zile. Siku ya kupanda ilikuwa moja. Palizi ilikuwa moja.

Joyline alitafuta mtu wa kuandika mvua.

"Mpe huyu," Mama alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Amesoma mpaka darasa la nane. Na huyu akiangalia kitu, anaangalia mpaka hicho kitu kinachoka."

Msimu wa kwanza, upande wa mabua ulishindwa. Mahindi yalikuwa ya manjano. Mama alicheka wiki nzima. "Mkuria wangu amepanda ndizi mbivu," aliwaambia watu kanisani. Joyline alisema tusikate tamaa, udongo wenye njaa hula kwanza wenyewe. Msimu wa pili, pande zote zilikuwa sawa. Msimu wa tatu, nilianza kuona mambo. Jembe liliingia upande wa mabua bila kelele. Kulikuwa na minyoo. Kayongo ilichanua huku na kule tu, haikufunika shamba.

Nilimwambia Mama. Alikuja, akatazama, akakunja mdomo.

"Kidogo," alisema. "Lakini macho ya mtu hupenda kile anachotaka. Hao watafiti watakuja kupima, si ndiyo? Vipimo vikisema upande wako umepona, nami nitaacha kuchoma. Visiposema, tutarudi kwa njia yetu."

Nilikubali. Nilijua shamba halingevumilia miaka mingine ya moto. Nilijua pia Mama hasemi kitu mara mbili.

Msimu wa nne ulipita. Mabua ya msimu huo tukayalaza pia. Halafu, Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Joyline alisimamisha pikipiki getini. Mama alikuwa kwa mkutano wa kina mama wa kanisa.

"Alhamisi Daktari Gordon anakuja kuchukua udongo," Joyline alisema. "Atakuja na watafiti wawili wa nchi nyingine. Shamba lenu likifaa, litaendelea mpaka miaka mitano. Kitu kimoja tu, dada. Msibadilishe chochote. Shamba likibadilishwa kabla ya kupimwa, mara nyingi linatolewa kwenye utafiti."

"Sawa," nilisema.

Mama aliporudi nilimwambia, "Mama, Alhamisi tuna wageni. Wanatoka mbali."

Ile nyingine, kwamba wanakuja kupima na tusibadilishe chochote, sikumwambia. Nilidhani anajua.

Loo, neno wageni! Mama alijifunga leso siku hiyo hiyo na kuingia kazini. Alikanda udongo na samadi, akapaka ukuta wa jiko upya. Alifyeka ua. Aliazima viti vinne vya plastiki kanisani. Kuku mmoja alianza kuishi kwa wasiwasi.

Jumatatu nilienda Magunga kusaga mahindi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilirudi saa kumi, unga kichwani. Nilipofika kwenye kona ya barabara niliona moshi. Nilidhani ni kwa jirani. Nilitembea tena kidogo. Haukuwa kwa jirani.

Mama alikuwa amesimama kando ya shamba na tawi bichi mkononi, akizima cheche za mwisho. Uso wake ulikuwa na masizi mpaka kwenye paji. Aliponiona alitabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo.

"Nyathina, mtoto wangu! Nimekusaidia. Wewe hukuwa na nafasi."

Upande wa mabua ulikuwa mweusi wote. Ilibaki kona moja tu karibu na kichuguu, pana kama chumba cha kulala. Moto haukufika pale.

"Mama," nilisema.

"Shamba ndilo mgeni anaona kwanza, liko barabarani," alisema. "Angeona ile takataka, angesema nini? Angesema Priscah ameletewa mvivu kutoka Kuria. Nani atakubali hiyo? Mimi sitaki mtu aseme mke wa Cliff ni mchafu."

Alikuwa amechoka. Miguu ilikuwa na majivu mpaka magotini. Alikuwa amefanya kazi ya watu watatu, peke yake, ili nisisemwe.

"Asante, Mama," nilisema.

Nilipeleka unga jikoni. Kisha nilirudi shambani nikakaa juu ya jiwe. Niligusa majivu. Yalikuwa bado moto.

Benta alinikuta hapo. Benta ni mke wa shemeji yangu mkubwa. Shamba lake limepakana na letu. Tunaitana nyieka, yaani mke mwenza, kwa kuwa tumeolewa boma moja.

"Nyieka, mbona umekaa kama mtu wa matanga?"

Nilimweleza. Benta alipiga kofi. "Yawa, Mama! Na wewe si ungemwambia?"

"Sikumwambia."

"Sasa sikia. Mimi mabua yangu sijachoma bado. Chukua. Yatandaze juu ya majivu. Nani atajua? Bua halina jina."

Nilimpigia Cliff simu. Nilisikia nyundo zikigonga nyuma yake.

"Fanya vile Benta anasema," alisema. "Ama uwaambie ni moto wa jirani uliruka. Lakini tafadhali, usimwaibishe Mama mbele ya watu. Yeye ndiye mkubwa wa hiyo boma."

Alikuwa na haki. Kwetu Kuria pia, mke wa kijana hamtaji mama mkwe wake kwa kosa mbele ya wageni. Jambo kama hilo haliishi siku moja. Linakaa nyumbani kama moshi kwenye nguo.

Jumanne asubuhi nilibeba mzigo wa kwanza wa mabua ya Benta. Niliyalaza vizuri, kwa mstari. Nilirudi nyuma nikaangalia. Kwa mbali yalipendeza. Nilisogea karibu, nikainua bua moja. Chini yake kulikuwa na majivu. Hakukuwa na unyevu. Hakukuwa na mnyoo hata mmoja. Chini ya mabua yangu yaliyoungua kulikuwa na maisha. Haya yalikuwa nguo ya kuazima.

Nilifikiri: watachukua udongo huu. Wataupima. Wataandika kwamba hivi ndivyo mabua yanavyofanya. Mtu mwingine ataamini.

Niliyabeba mabua nikayarudisha kwa Benta.

"Umekuwa mlokole?" Benta aliuliza.

"Hapana. Nimeogopa kudanganya shamba."

Nilichukua daftari. Niliandika: Jumatatu. Mvua sifuri. Upande wa mabua umechomwa wote, isipokuwa kona ya kichuguu. Makosa ni yangu, sikueleza nyumbani kwamba tusibadilishe kitu.

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa anacheka.

"Benta amenieleza," alisema. "Ni kweli nimeharibu kazi?"

Sikuweza kudanganya shamba. Mama ningemdanganyaje?

"Ni kweli, Mama. Walisema tusiguse. Nami sikukuambia."

Aliketi chini, polepole. Nilisikia mbuzi wa Benta wakilia.

"Hiyo umeandika ni nini? Soma."

Nilimsomea.

"Jina langu liko wapi?"

"Sijaliandika."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mama yangu."

Alinyosha mkono akaniondoa kipande cha jani kwenye nywele. Kisha alisema kwa ukali, "Andika. Andika Priscah ndiye alichoma, kwa sababu ya wageni. Mimi si mwizi wa kufichwa. Kesho utasema nani alichoma, moto wenyewe? Na hiyo kwamba hukuniambia, iache hapo. Makosa tugawane."

Niliandika. Aliinama akaangalia herufi, ingawa anasoma Biblia ya Dholuo tu, tena polepole.

"Hapo ndipo mimi?"

"Hapo."

"Mbona ndogo hivyo?"

Alhamisi gari lilifika saa nne. Joyline alishuka kwanza. Aliona shamba jeusi, akashika mdomo. Nyuma yake alikuwa Daktari Gordon, mtu mfupi mwenye kofia iliyopauka. Pamoja naye walikuwa mama mmoja kutoka Malawi na mzee mmoja kutoka Brazil.

Hawakukaa kwenye viti. Walisimama kando ya shamba. Nilimpa Daktari daftari kwa mikono miwili. Alipindua kurasa. Alifika Jumatatu, akasoma kimya. Kisha akauliza, "Mama Priscah ni nani?"

Mama alijitanguliza mbele yangu.

"Ni mimi. Nilitaka mpate mahali safi. Huyu msichana hakuwa nyumbani. Kama ni kutoa, nitoeni mimi. Yeye na chupa yake muwaache."

Daktari alitafsiri. Mama wa Malawi ndiye alicheka kwanza. Hakucheka kwa dharau. Alicheka akimshika Mama bega, akasema maneno mengi.

"Anasema mama yake mwenyewe angefanya hivyo hivyo," Daktari alieleza. "Anasema miaka mingi wanashangaa kwa nini vipimo vyao vinabadilika kila mwaka wakati wa ziara. Hakuna mtu alikuwa amewaandikia sababu."

Joyline alishusha pumzi.

"Mngeficha majivu kwa mabua mengine," Daktari aliendelea, "tungepima, tungeandika uongo, na tusingejua. Uongo huo ungesafiri. Hesabu za shamba hili zinawekwa pamoja na za mashamba mengi, nchi nyingi."

"Za nini zote hizo?" Mama aliuliza.

Daktari aliketi juu ya kichuguu kama mtu wa nyumbani.

"Hewa ya kaboni imezidi huko juu, Mama. Inafunika dunia kama blanketi. Joto linapanda, na mvua inapotea njia. Kwa hivyo nchi nyingi zimeahidi kufika mahali pa usawa. Maana yake, kaboni inayopanda isizidi ile inayorudi chini. Watafiti wanatafuta njia. Zamani wengi waliandika juu ya umeme, viwanda na magari. Hiyo bado ndiyo kazi kubwa. Lakini siku hizi wanauliza pia juu ya misitu, na udongo, na chakula. Wanauliza hata juu ya desturi za watu nyumbani. Na kuna pengo. Vipimo vingi vinatoka nchi tajiri. Udongo kama wenu umepimwa kidogo sana."

Mama aliinua kidole. "Ngoja kwanza. Hao watu wa viwanda. Wanachoma nini?"

"Makaa ya mawe. Mafuta. Gesi."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Kila siku! Na mimi nimechoma mabua mara moja, magari mawili ya watu yanakuja kuniangalia?"

"Ni gari moja, Mama," Joyline alinong'ona.

Watu walicheka. Lakini Daktari hakucheka. Alivua kofia.

"Mama, umesema kweli. Udongo wako hauwezi kumeza moshi wa viwanda vya dunia. Mtu akikuambia unaweza, anakudanganya. Wenye moshi mkubwa lazima waupunguze wao wenyewe. Sisi hatukuja kukubebesha mzigo wao. Tunasema hivi: kaboni ikikaa hapa chini, wa kwanza kufaidika ni mahindi yako."

"Nionyeshe," Mama alisema.

Walitoboa udongo kwa chuma kirefu, sehemu tatu. Walitoboa upande wa moto, upande uliochomwa Jumatatu, na kona ya kichuguu. Daktari aliomba glasi tatu za maji. Mama alileta zile za wageni, zenye maua. Joyline alitia bonge la udongo katika kila glasi.

Bonge la upande wa moto lilivunjika mara moja. Maji yakawa kama chai ya maziwa. La kona ya kichuguu lilikaa. Lilitoa mapovu kidogo, likakaa tu, na maji yakabaki safi. La upande uliochomwa Jumatatu lilimeguka pembeni, lakini katikati lilishika.

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia glasi.

"Huu wote ni udongo wangu?"

"Wote ni wako," Joyline alisema. "Huu wa kwanza hauna mboji ya kuushikanisha. Mvua ikiupiga, unaondoka nayo kwenda ziwani. Huu wa kichuguu una gundi yake. Na huu wa katikati, moto ulikula mabua ya juu na mboji ya juu kabisa. Ya chini bado iko. Miaka miwili haiishi kwa moto mmoja."

"Na nikichoma tena?"

"Itaendelea kupungua."

Mama aliichukua glasi ya kwanza, ile chafu. Aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mgonjwa.

"Miaka thelathini nimekuwa nikipika huu udongo," alisema.

Nilisogea nikasimama karibu naye, bega kwa bega.

Shamba halikutolewa. Daktari aliligawa upya kwa vijiti vitatu vyekundu. Kipande kimoja chembamba tu kitaendelea na njia ya zamani, ili pawe na cha kulinganisha. Mama alikubali kwa shingo upande. Na katika karatasi ya maswali ya kuulizwa mashamba yote, mama wa Malawi aliongeza swali moja kwa mkono wake: mgeni akija, mnafanya nini shambani?

Kisha walikula yule kuku.

Tulipanda mwezi wa tatu. Mwezi wa tano mvua ilikatika. Niliandika sifuri siku kumi na saba, moja baada ya nyingine. Mama hakunitania. Kila adhuhuri tulienda shambani pamoja. Kwenye kile kipande cha moto, majani ya mahindi yalijikunja kama sigara. Upande uliochomwa Jumatatu, yalijikunja mchana na kufunguka jioni. Kwenye kona ya kichuguu, yalikaa wazi siku nzima.

Mama alichimba kwa kidole chini ya mabua. Alitoa udongo, akanipaka shavuni. Ulikuwa baridi.

"Kuna maji," alisema. "Yawa, nyar Kuria, kuna maji!"

Mwezi wa nane tulivuna magunia saba. Si kumi na mawili. Lakini si manne. Na msimu ule majirani wengi walivuna chini ya walivyozoea.

Likabaki jambo moja. Katika boma la Wajaluo, mama wa boma ndiye anafungua msimu. Yeye hupanda kwanza. Kisha anapanda mke wa mwana mkubwa, kisha anayemfuata. Hakuna anayeweka mbegu kabla yake. Nami ni mdogo, ninapanda mwisho. Ningeweza kumshauri Benta mpaka nikauke koo. Njia ya kupanda hapa haianzi kwangu.

Mwezi wa tisa mawingu yalirudi. Asubuhi moja Mama alitoka na mbegu kwenye kibuyu, nami nikamfuata shambani. Benta alikuwa shambani kwake. Alikuwa amerundika mabua yake yote katikati, na kiberiti kilikuwa mfukoni.

"Mama, ngoja nichome kwanza!" Benta aliita. "Dakika kumi tu!"

Mama hakusimama. Aliingia katikati ya mistari ya mabua, akasogeza mabua kwa mguu, akachimba shimo, akatia mbegu, akafukia. Akapiga hatua, akachimba tena. Alifanya hivyo mara saba, bila haraka. Kisha akajinyoosha, akashika kiuno.

"Mimi nimepanda," alisema. "Sasa ni wewe."

"Lakini Mama, nitapanda kwenye takataka?"

"Mimi nimepanda kwa takataka?"

Benta alimwangalia. Aliangalia rundo lake. Aliangalia mawingu, yalikuwa yameshafika juu ya vilima vya Gwassi. Alitoa kiberiti mfukoni, akanirushia juu ya ua.

"Nyieka," aliita, "njoo basi unionyeshe haya mambo yako yanalazwaje. Na usinicheke."

Niliruka ua. Tulivunja rundo, tukayaburuta mabua, tukayalaza. Tulikuwa tumefika mstari wa nne niliposikia sauti nyuma yetu.

"Kombo! Huo mstari ni kombo. Maji yatapita hapo yakimbie. Hamuoni mteremko?"

Tuligeuka. Mama alikuwa ameshapiga magoti kwenye shamba la Benta, anaunyoosha.